Kaseti Mbili, Jina Moja

Assalaam aleykum, na habari za jioni. Bwana mwenyekiti, wazee wetu mlioketi mbele, dada zangu na kaka zangu wa muziki, na nyinyi wanangu mliojibana kule nyuma karibu na mlango: ahsanteni kwa kuja. Wenyeji wetu wameniomba nizungumze juu ya albamu ya kwanza, kwa sababu wengi wenu mnayo kichwani, na wengine mmeshaanza kulipia saa za studio. Ningeweza kuchukua mfano wa hapa. Nimechagua wa mbali, wa Backstreet Boys, vijana watano wa Orlando, Florida, kwa kuwa albamu yao ndiyo iliyonifundisha kusoma kasha la kanda kama mtu anavyosoma hati ya shamba.

Mwaka 1998 nilikuwa mwanafunzi, na alasiri baada ya masomo nilikaa dukani kwa ami yangu hapa Mombasa. Vijana mtaniwia radhi, lazima nieleze duka lenyewe. Lilikuwa na deki mbili zilizounganishwa, rafu ya kanda tupu za dakika 60 na za dakika 90, spika moja inayoelekea mtaani, na daftari. Mteja akija anaandika nyimbo azitakazo, au anasema "nipe albamu nzima ya fulani", analipa, na kesho yake anachukua kanda yake. Mimi ndiye niliyekuwa nikiandika majina ya nyimbo kwenye kile kikaratasi cha ndani, kwa kalamu ya wino, herufi ndogo ndogo. Kazi ile haikumlipa mwenye wimbo hata senti moja. Nitalirudia jambo hilo, kwa sababu siwezi kusimama hapa kuwahubiria haki ya msanii kisha nilifiche.

Siku moja akaja dada mmoja na kanda aliyoichukua wiki iliyotangulia. Akaiweka juu ya meza. Alikuwa amekasirika, ila kwa adabu. "Mdogo wangu, mmenipunja." Alikuwa ameagiza albamu ya kwanza ya Backstreet Boys, yote, na sisi tulimrekodia yote, Upande A na Upande B. Lakini wimbo alioutaka hasa, "As Long as You Love Me", haukuwamo. Nikamtolea sidi tuliyorekodia: jina Backstreet Boys, picha ya vijana watano. Naye akafungua mkoba akatoa karatasi ya daftari. Alikuwa amenakili kwa mkono orodha ya nyimbo za sidi ya binamu yake, aliyekuja likizo kutoka Marekani na kuondoka nayo. Juu ya karatasi ameandika Backstreet Boys, albamu ya kwanza.

Tukahesabu. Yetu ilikuwa na nyimbo 13. Yake ilikuwa na 11. Tukazipitia moja moja, kidole changu kwenye kasha, kidole chake kwenye karatasi. Sita zililingana. Tano za kwake sisi hatukuwa nazo, na saba za kwetu yeye hakuwahi hata kuzisikia majina.

Ami alitusikiliza kutoka nyuma, akaniambia nimrudishie pesa zake. Kisha akaniomba nimwachie ile sidi, akaivaa miwani yake, akaanza kusoma maandishi madogo ya nyuma ya kasha, yale ambayo mimi sikuwahi kuyatazama. Nani ametunga. Nani ametengeneza. Imerekodiwa wapi. Haki ni ya nani. Mji wa Stockholm ulikuwa umeandikwa mle. Akaniuliza: "Hawa si Wamarekani? Stockholm wamefuata nini?"

Jibu la swali la ami ndilo nililokuja nalo leo.

Turudi nyuma hadi 1993. Kulikuwa na mfanyabiashara Orlando, Lou Pearlman, aliyekuwa na biashara ya kukodisha ndege. Aliwahi kuwakodishia New Kids on the Block, wale vijana watano wa Boston waliotikisa Marekani mwishoni mwa miaka ya themanini, na akataka kujua waimbaji wa umri ule wanapata wapi pesa za kukodi ndege. Alipojibiwa, akaamua kuunda kundi lake. Nick Carter alikuwa na miaka 13. Mkubwa wao, Kevin Richardson, alikuwa na 21. Kati yao walikuwamo AJ McLean na Howie Dorough, na wa mwisho kuingia alikuwa Brian Littrell, binamu yake Kevin, aliyepigiwa simu huko Kentucky akaja. Jina walilichukua kwenye soko moja la vitu kuukuu la Orlando lililoitwa Backstreet. Mwezi Mei mwaka ule wakaimba mbele ya watu SeaWorld, mahali familia zinakokwenda kutazama nyangumi na pomboo. Baada ya hapo ikawa ni shule, maduka makubwa, popote palipowaruhusu. Meneja wao, Johnny Wright, alikuwa amewahi kufanya kazi na hao hao New Kids.

Tunawaita bendi ya wavulana, ingawa kwa mwambao huu bendi ni watu wenye magitaa na ngoma na mtu wa kinanda. Hawa hawakuwa na chombo. Walikuwa na sauti tano na namna ya kuzipanga, na shule yao ilikuwa makundi ya waimbaji weusi wa Marekani, Boyz II Men na wengineo. Uwezo wa kuimba pamoja bila ala walikuwa nao tangu mwanzo. Nyimbo hawakuwa nazo.

Mwaka 1994 wakatia saini na lebo ya Jive, yaani jina ambalo kampuni ya muziki hutolea kazi zake. Hapa naomba mtulie kidogo, kwa sababu Afrika imo ndani ya hadithi hii na watu hupita juu yake. Jive ilikuwa lebo ya kampuni ya Zomba, na Zomba ni jina la mji wa Malawi. Aliyeianzisha kampuni hiyo, Clive Calder, alitoka Johannesburg, akahamia London katika miaka ya sabini pamoja na mwenzake Ralph Simon. Na jina Jive limetokana na muziki wa vitongoji vya Afrika Kusini. Kwa hiyo ile kanda iliyokuwa mezani kwa ami ilitoka kwenye lebo yenye jina la muziki wa Soweto, ndani ya kampuni yenye jina la mji wa jirani zetu. Mtu aliyezoea kuuza nje ya kwao alikuwa anafahamu kitu ambacho kampuni nyingi za Marekani hazikukijali wakati ule, kwamba dunia ina masoko mengi, na Marekani ni mojawapo.

Juni 1995 vijana wakapelekwa Stockholm, kwenye studio iliyoitwa Cheiron. Mwenye roho ya studio ile alikuwa Dag Volle, mwenyewe akijiita Denniz Pop. Alianzia kazi ya kupiga santuri disko. Hakuwa msomi wa noti. Alikuwa na sikio la mtu anayewatazama wachezaji na kujua ni sekunde gani watatoka ukumbini. Wazee mliopo hapa mnaikumbuka kazi yake hata kama hamlijui jina lake: Dr. Alban, yule Mnigeria aliyekwenda Sweden kusomea udaktari wa meno, alitengenezewa nyimbo na Denniz Pop. "It's My Life" ya 1992, iliyopigwa kila harusi na kila matatu ya pwani hii, ilitoka mikononi mwake. Na pembeni yake alikuwa na kijana aliyetoka kwenye bendi ya muziki wa magitaa makali, Martin Sandberg, ambaye Denniz Pop alimbatiza jina la Max Martin.

Kwa hiyo ami, Mwenyezi Mungu amrehemu, jibu ni hilo: walifuata watu waliojua kutengeneza wimbo. Na wala si jambo geni kwetu. Mwaka 1928 bibi yetu Siti binti Saad alipanda chombo Unguja akaenda Bombay kurekodi, kwa sababu mitambo ilikuwa huko, na santuri zake zikarudi kuuzwa huku kwa Kiswahili. Sauti ilitoka nyumbani ikavuka bahari, ikarudi ikiwa bidhaa. Vijana wa Orlando walivuka bahari yao pia. Tofauti ni kwamba Siti aliporudi, nyumbani walimsubiri. Hawa hawakusubiriwa na mtu.

Wimbo wa kwanza waliorekodi Stockholm, "We've Got It Goin' On", ulitolewa mwaka huo huo wa 1995. Marekani ulipanda hadi nafasi ya 69 kwenye chati ya Billboard, orodha ya nyimbo zinazotamba huko, ukashuka. Fikirini nafasi ya 69. Mtangazaji hakusomi jina. Redio za huko zilikuwa zimejaa hip hop na roki ya Seattle, New Kids walikuwa wamekwisha kuvunjika, na kijana anayeimba na kucheza kwa hatua zilizopangwa alionekana kitu cha jana. Wimbo huo huo, sauti zile zile, ukaingia kumi bora Ujerumani. Uingereza ulifeli mara ya kwanza, ukatolewa tena mwaka uliofuata, ukaingia tano bora. Wimbo haukubadilika. Waliosikiliza ndio waliokuwa wengine.

Ujerumani kulikuwa na jarida la vijana, Bravo, lililokuwa likiingia kila chumba cha msichana wa shule, na kulikuwa na kituo cha televisheni cha muziki, VIVA, kilichoanza 1993. Halafu Februari 1996 Take That, bendi ya wavulana ya Uingereza, wakatangaza kwamba wamevunjika, na mashabiki wao Ulaya wakalia machozi ya kweli. Miezi mitatu baadaye, tarehe 6 Mei 1996, albamu ya kwanza ya Backstreet Boys ikatoka. Sidai kwamba ilipangwa hivyo. Nasema tu kwamba mlango ulikuwa wazi na wao walikuwa wamesimama kizingitini, wameshafanya mazoezi miaka mitatu.

Hiyo ndiyo ile ya nyimbo 13, ya dukani kwetu. Iliuzwa Ulaya, Asia, Kanada. Marekani haikuuzwa. Nataka mlielewe hilo vizuri: vijana wa Marekani, wanaimba Kiingereza cha Marekani, na albamu yao ya kwanza haipo kwenye duka lolote la nchi yao. Kanada, na hasa Montreal, walikuwa wanakimbizwa na mashabiki. Wakivuka mpaka kurudi nyumbani, wanatembea mtaani na hakuna mtu anayegeuza shingo. Kwa soko la Kihispania wakarekodi tena nyimbo mbili za taratibu kwa Kihispania, na Howie, ambaye mama yake ni wa Puerto Rico, hakuwa mgeni wa lugha hiyo. Kila soko lilipewa mkono wake.

Nami nitaongeza ushahidi wa hapa. Mwaka 1996 huo huo Capital FM ilianza kurusha matangazo Nairobi, na redio za binafsi zilikuwa zikifunguka Afrika Mashariki nzima. Radio One ilikuwa imeshaanza Dar es Salaam, na Kampala walikuwa na Sanyu na Capital yao. Sidi zilizotufikia dukani zilitoka London, au zililetwa na mabaharia, au na jamaa wa Dubai. Kwa hiyo sisi tulikuwa upande wa Ulaya wa dunia ile. Watoto wa Majengo na Makadara hapa Mombasa waliimba kiitikio cha "Quit Playing Games (with My Heart)" kabla ya watoto wa Kentucky.

Wimbo huo, alioutunga Max Martin na Herbie Crichlow, ulishika namba moja Ujerumani. Na ndio uliowafungulia nyumbani. Mwanzoni mwa 1997 Spice Girls, kundi la wasichana wa Uingereza, waliingia Marekani wakashika kilele cha chati, kisha Mei wakaja Hanson, ndugu watatu kutoka Oklahoma, nao wakashika kilele. Ghafla redio za Marekani zikawa na hamu ya muziki wa vijana. Jive wakautoa "Quit Playing Games" huko Juni 1997, na ukapanda hadi nafasi ya pili. Kutoka 69 hadi 2, kwa watu wale wale.

Sasa lebo ikawa na shida ambayo ningependa siku moja mmoja wenu aipate. Huku duniani, kundi lilikuwa limeshamaliza albamu ya pili. Nyumbani, lilikuwa halijatoa hata ya kwanza. Wangefanya nini? Waitoe Marekani ile ya 1996, iliyokuwa na umri wa zaidi ya mwaka? Watoe ya pili na kuiita ya kwanza? Walichokifanya ni hiki. Tarehe 11 Agosti 1997, siku ya Jumatatu, dunia ilipewa albamu ya pili, "Backstreet's Back". Tarehe 12, Jumanne, Marekani ilipewa albamu yake ya kwanza, jina lake Backstreet Boys, nyimbo 11: sita zimechaguliwa kutoka albamu ya 1996, tano kutoka ile iliyotoka jana yake. Ile tofauti ya siku moja ilitokana na desturi tu. Marekani kanda mpya ziliuzwa Jumanne, Uingereza Jumatatu. Leo mtoto wa Lamu na mtoto wa Chicago wanapata wimbo siku moja, Ijumaa, na utaratibu huo wa Ijumaa ulianza Julai 2015 tu.

Kwa hiyo dada yetu hakupunjwa, nasi hatukumpunja. Kila mmoja alikuwa na albamu ya kwanza ya kweli.

Na haikuishia hapo. Kwenye albamu ya pili ya dunia kulikuwa na wimbo "Everybody", ambao kiitikio chake kinatangaza kwamba Backstreet wamerudi. Marekani wakauacha nje. Hoja yao ilikuwa na akili: mtu atarudi vipi mahali ambapo hajawahi kufika? Lakini redio za Marekani zilizo karibu na mpaka wa Kanada zikaanza kuupiga, maana mawimbi hayana pasipoti, na wasikilizaji wakaudai. Mwaka 1998 albamu ya Marekani ikachapwa upya ikiwa na wimbo huo ndani, nyimbo 12, na wimbo ukafika nafasi ya nne. Nakumbuka mteja mwingine, mwanafunzi wa chuo, akaja na orodha ya nyimbo 12. Ami hakubishana tena. Alinituma nikanunue daftari jipya, na tukaanza kuandika mbele ya kila albamu: ya wapi, mwaka gani.

Albamu ile ya Marekani ilithibitishwa baadaye kuwa imepita nakala milioni 14 zilizopelekwa madukani nchini humo peke yake. Milioni 14 za albamu iliyounganishwa vipande. Mara nyingi naulizwa basi ipi ni nzuri zaidi, na sitalikwepa swali. Kama bidhaa, ya Marekani. Haina wimbo uliolegea mwanzoni, imepangwa na mtu aliyekwisha kuona dunia nzima imependa nini na imeruka nini. Ile ya 1996 ilikuwa jaribio. Ya 1997 iliandikwa baada ya majibu kutoka. Lakini mimi moyo wangu uko kwa ile ya nyimbo 13. Mle ndani unasikia kundi linajitafuta. Kuna wimbo wa zamani wa Commodores wanaurudia kwa unyenyekevu wa mwanafunzi. Kuna nyimbo za taratibu ambazo sauti tano zinaingiliana kwa subira ambayo baadaye walikosa nafasi nayo. Kuna sauti ya Nick ikiwa bado ni ya mtoto anayekua. Saba zile zilizoachwa hazikuwa takataka. Zilikuwa za mahali pengine. Mkisema mnalijua kundi lile na hamjazisikia, mmesoma barua iliyokatwa nusu.

Wanangu wa studio, hapa nawasemesha nyinyi. Mnaniletea kazi zenu nisikilize, na karibu kila mmoja anataka albamu ya nyimbo 18, kwa sababu amezirekodi 18. Watu wa Jive walikuwa na nyimbo zaidi ya ishirini mkononi, nyingine zimeshashika namba moja, na wakatoa 11. Kuchagua ni kazi kama kuimba. Inachosha zaidi, kwa maana unakata kitu ulichokizaa.

Pearlman na Wright, kwa njia, waliirudia njia ile ile mara moja. NSYNC, kundi jingine la Orlando, walipelekwa Ujerumani kwanza. Albamu yao ya kwanza ilitoka huko Mei 1997, na ya Marekani ikatoka Machi 1998 ikiwa imebadilishwa baadhi ya nyimbo. Mara ya kwanza ilikuwa ni kwa sababu nyumbani walikataa. Mara ya pili ikawa ni mpango.

Sasa nifike kwenye pesa, ambako ndiko ami alikuwa akinipeleka kwa ile miwani yake. Mnaposikia milioni 14 mnawaza majumba. Mwaka 1998, mwaka ule ule dada alipokuja dukani, Backstreet Boys walimshtaki Lou Pearlman mahakamani. Waligundua kwamba alikuwa analipwa kama meneja, analipwa kama mtayarishaji, na juu ya hayo anahesabiwa kama mwanachama wa sita wa kundi, anachukua fungu la mwimbaji. Hajaimba neno. Kesi waliimaliza kwa makubaliano. Miaka kumi baadaye Pearlman alihukumiwa kifungo cha miaka 25 kwa ulaghai mwingine, wa kuwachukulia watu akiba zao zaidi ya dola milioni 300, na alifia gerezani 2016. Lakini mkataba wa vijana wale hakuwalazimisha kwa bunduki. Waliutia saini. Nick alikuwa mtoto.

Kuna jambo la pili, halina hila ndani yake, ila halijulikani vya kutosha. Marekani, wimbo ukipigwa redioni, redio inamlipa mtunzi. Mwimbaji halipwi kwa kupigwa huko. Maana yake "Quit Playing Games" ilipokuwa inalia nchi nzima kiangazi cha 1997, fungu la redio lilikwenda Stockholm kwa Max Martin na Crichlow. Vijana walipata yao kwenye mauzo na kwenye ziara, kwa kadiri mkataba ulivyowaachia. Ndiyo maana mtu akikuambia "mimi nitakutungia, wewe imba tu", muulize jina la nani litaandikwa, na liandikwe kabla ya kipaza sauti hakijawashwa.

Na la tatu ni eneo. Mkataba wa zamani ulikuwa na kifungu cha eneo: lebo hii itauza Ulaya, ile itauza Kanada, nyingine itaamua Marekani watasubiri. Kifungu hicho ndicho kilichotupa kaseti mbili za jina moja. Leo mnajaza fomu ya msambazaji kwenye simu, na kuna mahali pameandikwa dunia nzima, na mnabonyeza haraka kwa sababu mna hamu wimbo utoke Ijumaa. Dunia nzima ni pamoja na Muscat, Toronto, Lubumbashi na Minneapolis, penye masikio ya Kiswahili yanayolipa. Msimpe mtu dunia nzima kwa miaka isiyo na mwisho kwa sababu ya hamu ya Ijumaa moja. Na mkitoa toleo jingine la wimbo, lenye mgeni aliyeongezwa au ubeti mpya, lipeni namba yake ya utambulisho. Rekodi mbili zikigawana namba moja, hesabu zitachanganyika na hamtajua nani anawasikiliza wapi.

Nimeahidi kulirudia duka. Sisi tulikuwa sehemu ya kutolipa. Kila kanda niliyoiandika kwa wino ule ilikuwa na mtunzi ambaye hakupata chochote, na wengi wao hawakuwa wa Stockholm. Walikuwa wa hapa: wa taarabu, wa bendi, watu niliokuwa nikiwaamkia njiani. Ami aliliona hilo kabla yangu. Miaka ya mwisho ya duka alikuwa akinunua kanda za wasanii wa mwambao kutoka kwao wenyewe, kwa bei waliyoitaja, na akakataa kuzidurufu. Wateja walimlalamikia kuwa ghali. Nilimlalamikia na mimi. Naomba msamaha kwa hilo mbele ya wazee wawili wa muziki ninaowaona mstari wa mbele, ambao nyimbo zao niliziandika majina yake kwa mkono huu.

Bwana mwenyekiti, nimeona umetazama saa. Nimekuja na kanda mbili. Hii ni ile aliyoirudisha dada yetu. Ami aliihifadhi, na kikaratasi chake cha ndani bado kina mwandiko wangu wa nilipokuwa na miaka 15. Hii nyingine niliirekodi baadaye kutoka sidi ya Marekani. Tumefanikiwa kupata deki inayofanya kazi, nashukuru vijana wa mitambo. Nitaanza na Upande B wa kanda ya kwanza, penye nyingi za zile nyimbo saba zilizobaki nje, na naomba simu zizimwe, tusikilize sauti tano tu. Baada ya hapo maswali, na tuanze na wale wa nyuma karibu na mlango.